Ufundi wa Kusahihisha

Januari ndiyo kipimo cha mwalimu wa michezo. Shule za sekondari zinapokea wanafunzi wapya, jua la kaskazi limekausha udongo wa Garsen, hapa Tana River, hadi umefanya nyufa za kuingia kidole, na mpira wa kikapu, kwa kalenda ya michezo ya shule za Kenya, kwa kawaida huchezwa muhula huohuo wa kwanza. Mwalimu ana majuma machache tu kabla ya mashindano ya kaunti ndogo. Nusu ya wasichana waliojipanga mbele yake hawajawahi kuushika mpira wa kikapu. Walicholelewa nacho shule ya msingi ni netiboli, na baadhi yao ni hodari kwelikweli, waliokwisha kuvaa jezi ya shule na kusafiri kwenda kucheza Ngao au Hola.

Mpe mmoja wao mpira, umwambie akimbie nao akiudunda hadi upande wa pili. Ataondoka vizuri, kisha mahali fulani, pasipo mstari wala filimbi, atasimama. Wenzake watacheka. Mwalimu asiyejua ataanza kupiga kelele: mbona wasimama, nani kakwambia usimame? Mwalimu anayejua hainui sauti. Amekwisha kuona kwamba huyu alikuwa mlinda goli wa netiboli, na hapo aliposimama ndipo theluthi yake ya uwanja inapoishia. Mpaka umefutika ardhini, umebaki miguuni.

Ni mwalimu huyu wa pili ninayetaka kumsifu. Watu humtazama kocha siku ya mechi, akiwa amesimama kando ya uwanja, anapunga mikono, anagombana na mwamuzi. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi, na mara nyingi si sehemu nzuri. Kazi yenyewe, iwe Garsen au kwenye chuo kikuu kikubwa cha Marekani chenye ukumbi wa watu elfu ishirini, ni kusahihisha. Kosa gani lisahihishwe leo, lipi liachwe hadi Alhamisi, kwa maneno mangapi, mbele ya nani. Kocha anaweza kujua mchezo wote na asiijue kazi hii.

Tazama alichonacho mkononi na huyo msichana wa netiboli. Netiboli imemfunza mambo ambayo kocha wa kikapu angetumia miaka miwili kuyajenga. Anajua kuudaka mpira akiwa hewani na kutua bila kuyumba. Anajua kugeuka juu ya mguu mmoja huku wa pili ukitafuta njia, kwa sababu hatua ya ziada ilikuwa filimbi. Anajua kutazama kabla ya kupokea, maana alikuwa na sekunde 3 tu za kukaa na mpira. Kama alikuwa mfungaji, amezoea ringi iliyo juu mita 3.05, sawasawa na ya kikapu, ila ile yake ni nyembamba zaidi, sentimita 38 kwa 45, tena haina ubao nyuma. Mkono uliozoea kuudondosha mpira ndani ya duara lile dogo hauhitaji kufundishwa ulaini.

Lakini pia imemfunza mambo ambayo sasa ni sumu. Mlinzi wa netiboli hukaa umbali wa sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira, ndiyo sheria. Katika kikapu, sentimita hizo 90 ni zawadi kwa adui. Kudunda hakujui kabisa, na akidunda huutazama mpira, hivyo haoni mwenzake aliye wazi. Ubao nyuma ya ringi anauona kama kikwazo, haujui kama msaada. Na kuna huo mpaka.

Kocha mwenye papara hufuta yote aanze upya. Wachonga mitumbwi wa Mto Tana wanaijua hatari hiyo: tezo ikila mti kupita kiasi, hakuna wa kuurudisha. Ukimfokea msichana juu ya kusimama kwake, hatasimama tena, lakini pamoja na mpaka utakuwa umemwondolea na ule utulivu wa kutua, kwa sababu kwake vyote viwili vilikuja na mwalimu mmoja, uwanja mmoja, fahari moja.

Kwa hiyo anayejua huanza na kile ambacho tayari wanakiweza. Juma la kwanza hakuna kudunda. Watano kwa watano, pasi tupu, uwanja mzima uko wazi. Wasichana wanafurahi kwa sababu wanajiona wajuzi, na bila kuambiwa lolote wanaanza kuvuka, maana pasi inawaita ng'ambo. Siku ya tatu au ya nne mpaka umekwisha, na hakuna aliyeutaja. Juma la pili unakuja ukaribu: wawili wawili, mlinzi awe karibu kiasi cha kuweza kuugusa mpira kwa kiganja, na asiuguse. Wanacheka, wanaona haya, wanasukumana, kisha wanazoea. Kudunda kunakuja mwisho, wakati macho yamekwisha kujua pa kutazama. Mtu akipita barabarani akachungulia mazoezi hayo ya juma la kwanza, atasema huyu kocha hajui kikapu, anawachezesha netiboli.

Hakuna geni hapo. James Naismith alibuni mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts. Muda mfupi baadaye Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi wa chuo cha wanawake cha Smith, aliugawa uwanja sehemu tatu akawakataza wachezaji kuvuka, kwa kuwa wakati ule iliaminika kwamba mwanamke akikimbia sana atadhurika. Netiboli ilizaliwa Uingereza kutokana na michezo ya ukoo huo, ikasambaa na walimu wa kikoloni hadi kwetu. Marekani nako wasichana wa majimbo kadhaa waliendelea kwa miongo mingi na kikapu cha watu sita: watatu hushambulia nusu moja, watatu hulinda nusu nyingine, na hakuna anayevuka katikati. Katika shule za jimbo la Tennessee mchezo huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Msichana wa Tennessee wa mwaka 1975 na msichana wa Garsen wa leo wangeelewana vizuri sana juu ya mahali pa kusimama.

Na ilikuwa Tennessee, kati ya wasichana waliofundishwa nusu ya mchezo, ambako kocha Pat Summitt alianza kazi. Alizaliwa Juni 1952, akakulia shambani, akikata tumbaku na kufunga nyasi pamoja na kaka zake, na usiku wakicheza kikapu juu ya dari ya ghala la nyasi. Shule ya karibu haikuwa na timu ya wasichana, basi baba yake akaihamisha familia nzima hadi eneo lenye shule iliyokuwa nayo. Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Knoxville kusomea shahada ya uzamili na kuwa msaidizi wa kocha. Kocha akaondoka ghafla. Msichana huyo, aliyewazidi baadhi ya wachezaji wake mwaka mmoja tu, akakabidhiwa timu.

Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Aliendesha mwenyewe gari la kuwasafirisha wachezaji, akafua jezi mwenyewe, na jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za kuuza maandazi. Safari moja timu ililala kwenye mikeka ndani ya ukumbi wa wapinzani, kwa kuwa hakukuwa na fedha za hoteli. Mechi yake ya kwanza alipoteza kwa pointi moja, 84 kwa 83, dhidi ya Chuo Kikuu cha Mercer. Mwalimu yeyote wa Tana River anayesoma haya atatabasamu. Godoro lililokunjwa, darasa la shule mwenyeji lililoondolewa madawati, ndoo za maji ya kuoga alfajiri, jezi zilizoanikwa madirishani: mashindano yetu ya kaunti na ya mkoa bado huenda hivyohivyo. Tofauti ni kwamba Marekani ilikuwa imepitisha mwaka 1972 sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali, na fedha zikaanza, polepole na kwa kuvutana, kuwafikia wasichana.

Alikaa Knoxville misimu 38. Alishinda mechi 1,098 na kupoteza 208. Alichukua ubingwa wa vyuo mara 8, wa kwanza mwaka 1987, wa mwisho 2008. Akiwa mchezaji alipata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1976 huko Montreal, akiwa kocha akapata ya dhahabu mwaka 1984 huko Los Angeles. Msimu wa 1997 hadi 1998 timu yake ilicheza mechi 39 ikashinda zote 39. Hayo ni matokeo, na kwa kweli huniambia kidogo kuliko jambo moja dogo alilolianzisha mazoezini.

Aliwafundisha wachezaji wake namna ya kupokea maneno. Kocha akikusifu, ujibu: pointi mbili. Akikukosoa, ujibu: ribaundi. Basi. Hakuna kujitetea, hakuna kununa, hakuna kusema ni fulani aliyenipa pasi mbaya. Ribaundi ni mpira uliokosa kuingia ukarudi ubaoni: haujapotea, unaudaka unaendelea. Mchezaji akisema hivyo, kocha anajua amesikika na hana haja ya kurudia. Jambo linalonivutia ni lile la upande wa pili. Mfumo huo ulimbana kocha vilevile. Akikosoa mara ishirini asubuhi na kusifu mara moja, uwanja mzima umesikia hesabu. Makocha wengi hawawezi kuvumilia hesabu hiyo isemwe kwa sauti.

Alikuwa na jicho pia, lile jicho la buluu ambalo kila aliyechezea Tennessee hulisimulia. Alikuwa anaweza kumtazama mchezaji bila neno hadi mchezaji akataja mwenyewe kosa lake. Watu huliita ukali. Mimi nadhani lilikuwa ni uchumi wa maneno. Kuna kosa ambalo mchezaji tayari analijua, na ukimwambia unakuwa umemwibia nafasi ya kulisema yeye.

Sipendi kila kitu chake. Kuna kisa cha miaka ya mwanzo, wachezaji walipokesha kwenye sherehe, akaweka mapipa ya taka kwenye pembe nne za uwanja akawakimbiza hadi wakatapika. Kinasimuliwa kwa kicheko na kwa fahari. Mimi nakiona kama kazi ya mwanafunzi wa ukocha, mtu wa miaka ishirini na kitu ambaye bado hana chombo kingine. Ukifuata kazi yake muongo kwa muongo, utaona mapipa yanatoweka na maneno yanapungua. Alipokuwa na nguvu zaidi ndipo alipozitumia kidogo. Kwa joto la Garsen, kisa hicho hakipaswi hata kuigwa: kumkimbiza msichana saa nane mchana mwezi wa Februari si nidhamu, ni kumtafutia hospitali.

Kilicho bora zaidi kuigwa ni darasa. Wachezaji wa Tennessee walitakiwa kuketi safu tatu za mbele na kutokosa kipindi bila ruhusa, na kila aliyemaliza miaka yake ya kuchezea timu hiyo alimaliza na shahada. Hapo kocha na mwalimu wa hesabu wanakuwa upande mmoja, na mzazi naye.

Mzazi, ndiyo. Nusu ya ufundi wa kocha wa wasichana hufanyika sebuleni kwa watu. Septemba 1990 Summitt, mjamzito wa miezi tisa, alipanda ndege ndogo kwenda Pennsylvania kuzungumza na familia ya mchezaji mmoja, Michelle Marciniak. Uchungu ukaanza. Alimaliza mazungumzo, akapanda ndege kurudi. Rubani alipopendekeza watue Virginia ili ajifungue salama, alikataa: mwezi Machi mwaka huo timu ya Chuo Kikuu cha Virginia ilikuwa imewatoa mashindanoni. Mtoto alizaliwa Tennessee. Marciniak alikwenda chuo kingine kwanza, kisha akahamia kwa Summitt, na mwaka 1996 akawa mchezaji bora wa fainali za ubingwa.

Nyumba za Garsen hazihitaji ndege, lakini zinahitaji adabu ileile. Mwalimu anayetaka kumpeleka msichana Mombasa kwenye mashindano ya mkoa wa Pwani, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani, haanzi na habari za mpira. Anabisha hodi jioni, baada ya sala, wakati ng'ombe wamerudi na mama hana moshi machoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu, keti.”

Wanazungumza juu ya mvua, juu ya maji ya mto, juu ya mtoto mkubwa aliye Malindi. Chai inakuja. Ndipo mzee mwenyewe anauliza, kwa kuwa anajua mwalimu hakuja kwa ajili ya chai: huyo mtoto atalala wapi, na atalala na nani, na nani mwanamke atakayekuwa nao, na atavaa nini? Mwalimu mzuri ana jibu kwa kila moja kabla hajatoka kwake. Mama aliye ndani, nyuma ya pazia, anasikiliza, na mara nyingi uamuzi ni wake. Kocha asiyejua hilo humwaga hoja zake zote kwa mzee, akaondoka bila kumsalimu mama, akashangaa kesho yake kuambiwa mtoto ana homa.

Swali la mavazi lilikuwa na uzito wa sheria hadi juzi tu. Shirikisho la mpira wa kikapu duniani, FIBA, lilikataza vitambaa vya kichwani katika mechi zake rasmi, na katazo hilo liliondolewa mwaka 2017, kanuni mpya ikianza Oktoba. Miongoni mwa waliopigania mabadiliko hayo ni Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani Mwislamu aliyecheza kwa hijabu katika vyuo vya Memphis na Indiana State, kisha akakuta mlango wa mchezo wa kulipwa umefungwa kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Katika kaunti ambako wasichana wengi ni Waislamu, mabadiliko hayo yalimpa kocha jibu la kumpa mzee. Hijabu ya michezo, shati la mikono mirefu ndani ya jezi, suruali ya kubana chini ya kaptura: anayajua hayo yote, na anajua fundi gani sokoni atayashona.

Uwanja wenyewe ni habari nyingine. Udongo mweusi wa delta hauna tabia ya kati: ukikauka hupasuka na mpira hudunda upande usioutaka, ukilowa hunasa kiatu. Mto unapofurika, kama ulivyofanya Novemba 2023, barabara za Garsen hukatika, mashamba humezwa, na shule zilizo kwenye ardhi ya juu huwa makimbilio ya familia. Hapo hakuna wa kuzungumza juu ya mazoezi, na kocha huwa mtu wa kubeba mablanketi kama wengine. Lakini maji yakianza kushuka na masomo yakirudi kabla ya uwanja kukauka, utaona ni nani anayejua kazi. Kugeuka juu ya mguu mmoja kunahitaji mita moja ya sakafu ya veranda. Kupokea mpira na kutua kunahitaji ukuta. Kocha wa aina hiyo hutumia majuma mawili ya matope kusahihisha miguu peke yake, na timu yake ikirudi uwanjani inakuwa imeongeza kitu, wakati wengine wanalalamika kwamba wamepoteza muda.

Sitaki nionekane nasimulia mambo madogo ya vijijini tu. Mwaka 1993 wanawake wa Kenya walimaliza wa pili Afrika, nyuma ya Senegali, katika mashindano yaliyochezwa Dakar, na mwaka uliofuata wakaenda Australia kwenye ubingwa wa dunia. Walimaliza wa 16 kati ya timu 16, na bado naona kuwa ni moja ya safari kubwa za mchezo wa timu wa wanawake katika nchi hii, iliyosahaulika kwa namna isiyo ya haki. Leo msichana wa Pwani anayetaka kuendelea ana timu ya Mamlaka ya Bandari pale Mombasa, na vyuo vikuu vya Nairobi na pembezoni mwake, kama USIU, Strathmore na Zetech, vina timu za wanawake.

Zetech ndiko alikopitia Madina Okot, Mkenya mrefu wa karibu mita 2, kabla ya kuvuka kwenda Mississippi State, na mwaka 2025 kuhamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Staley amechukua ubingwa wa vyuo mwaka 2017, 2022 na 2024, na msimu huo wa mwisho alishinda mechi zote 38. Ukimtafuta Staley mwaka 1990 utamkuta akichezea chuo gani? Virginia, timu ileile iliyomfanya Pat Summitt akatae kutua. Mwaka 1991 walikutana tena kwenye fainali, Tennessee ikashinda kwa pointi 3 baada ya muda wa ziada, na mchezaji bora wa fainali hizo akawa Staley, wa upande ulioshindwa. Kwa hiyo Mkenya aliyetoka viwanja vyetu amefundishwa na mtu aliyejifunza mengi kwa kupigwa na Summitt. Ufundi huu hupita pia kupitia kwa wapinzani, na labda hupita vizuri zaidi kwa njia hiyo.

Agosti 2011, akiwa na miaka 59, Summitt alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Alifundisha msimu mmoja zaidi, na sehemu kubwa ya kazi aliibeba msaidizi wake, Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake katika miaka ya 1970. Aprili 2012 akamwachia timu. Alifariki Juni 2016. Kuna ukatili wa pekee katika ugonjwa wa kumbukumbu kumpata mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kukumbuka nani alikosea nini juzi. Lakini wachezaji wake walikuwa wamekwisha kutawanyika wakiwa makocha, na walikuwa wanakumbuka.

Kuna kipimo kimoja ambacho yeye hakupata kukipitia, na kimefika hadi kwetu: kikapu cha watatu kwa watatu. Kiliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, na wanawake wa Kenya walikicheza Birmingham mwaka 2022 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ringi moja, nusu ya uwanja, dakika 10 au pointi 21, sekunde 12 kwa kila shambulio. Kwa shule yenye ringi moja iliyosimama sawa na nyingine iliyoinama, huu ni mchezo ulioletwa na Mungu. Na sheria yake moja ndiyo ninayoipenda: mechi ikianza, kocha haruhusiwi kuwafundisha wachezaji kutoka kando. Hakuna kusimama kwenye mstari, hakuna kupunga mkono, hakuna kupiga kelele.

Makocha wa kelele huteseka sana dakika hizo. Utawaona wakitembea nyuma ya watazamaji, midomo inachezacheza. Anayejua kazi huketi. Anasikiliza, kwa sababu watoto watatu waliobaki ndani wanasemeshana, na anataka kujua wanasema nini. Mmoja anapoteza mpira kwa kudunda bila sababu. Mwenzake anamwambia neno moja, “Macho,” na yule anajibu kwa kichwa, anarudi kulinda, karibu kiasi cha kuugusa mpira, na hausogelei zaidi ya hapo. Wakishindwa mechi hiyo, kocha atakuwa na mengi ya kuandika kwenye daftari lake. Hilo la “Macho” hataliandika, kwa kuwa si kazi yake tena.